Kutembezwa Beni Bila Kuonyeshwa Nyumba

Nianze na ujinga wangu, ili tuumalize mapema. Nilijiangusha. Nilijiangusha makusudi, kwenye kilima cha watu, katikati ya kakao ya watu, mbele ya mama mmoja mwenye panga mkononi, nikashika mguu na kulia kama mchezaji anayetafuta penalti. Mguu haukuwa na kitu. Ulikuwa mzima kuliko akili yangu.

Yote ilikuwa juu ya yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Yaya wangu anafundisha watoto wa primaire, shule ya msingi, hapa Butembo, na mwaka huu alipata mchumba Beni. Tangu vita ilipotufungia Goma, bureau za province, ofisi zote za jimbo, zilihamia Beni, na Beni, ambayo sisi watu wa Butembo tulizoea kuiita mji wa vumbi na kakao, ikaanza kuitwa capitale, mji mkuu wa jimbo. Watu wa kule hawakuchelewa kuvaa hilo jina. Ukiwapigia binamu zetu simu kuwasalimia tu, wanakujibu kwa sauti ya puani: "Hapa ku capitale tuko muzuri."

Mchumba alikuja pamoja na hizo bureau. Alikuwa agent wa tourisme, mtu wa utalii. Kule Goma alikuwa na volcano, ziwa na njia ya kuenda kwa gorilla. Beni walimpa meza. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na anajibu "effectivement", yaani ndivyo kabisa, hata ukimuuliza kama ameshiba.

Mama anauza vikwembe, vitenge vya wanawake, sokoni. Maisha yake yote ni kushika kitambaa kati ya vidole viwili na kujua kama kitachuja siku ya kwanza ya kukifua. Na mchumba naye, mama alimpima hivyo hivyo. Kila mara yaya anaporudi kutoka Beni, mama anamngoja karibu na mbabula, jiko lake la makaa.

"Leo alikupeleka wapi?"

"Alinionyesha stade, ule uwanja wa mpira, mama."

"Na wiki ile ingine?"

"Tulitembea upande wa uwanja wa ndege. Tukaangalia ndege inashuka."

"Na kwake?"

"Hatukufika. Saa ilikuwa imeenda."

Saa ilikuwa inaenda kila mara. Mama alianza kugeuza makaa ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Kwetu, ukitaka binti ya watu, unakaa. Unakaa kwenye kiti cha sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria, unakunywa Fanta yako polepole, na wazee wanakutazama mpaka shati inalowa mgongoni. Kisha na wewe unaonyesha kwako: sufuria, kitanda, choo, kamba ya kuanikia nguo. Kutembea nje-nje na msichana mkiangalia vitu visivyo na mwenyewe, hiyo hatuijui. Hata milima yetu haipandwi bure. Anayepanda ana jembe, ao jerikani, ao mbuzi aliyepotea.

"Tourisme ni kazi gani?" mama aliniuliza siku moja, sababu mimi ndiye niko shuleni.

"Ni kuonyesha watu vitu, mama."

"Vitu vyake?"

"Hapana. Vya Mungu."

"Basi vyake anaficha." Alifunika sufuria. "Mutu wa kukuonyesha mulima kila siku, iko na bibi mu nyumba."

Nilimwambia labda huyo bibi, mke wake, alibaki Goma. Ulikuwa mchezo tu, lakini mama aliuchukua kama habari ya redio.

"Banasema balihamisha bureau yote," alisema. "Kama balihamisha makabati, balihamisha na mabibi."

Ndiyo maana, Jumamosi moja ambayo yaya alikuwa ameitwa tena Beni kwa promenade, yale matembezi yao, mama alitangaza kwamba nitamsindikiza. Alinipa maagizo mbele ya yaya, bila kupunguza sauti.

"Unaenda kuona nyumba. Unaingia mpaka ndani. Unaangalia viatu ku mulango, unaangalia kama kuko kikwembe ku kamba. Mukirudi bila kuona nyumba, yaya yako hapana kurudia ku Beni tena. Ile mambo inaisha."

Yaya alivaa viatu vyake vya misa akatoka. Njiani tu, baada ya barrière, kizuizi cha barabarani, askari alipomaliza kutazama karte zetu za utambulisho na kuniuliza kwa nini kwenye picha nina sura ya mwizi, ndipo aliposema, "Mama anakutuma kama mupelelezi."

"Ananituma kama bofrère, shemeji."

"Wewe ni bofrère wa nani? Hata hatujaanza."

Akageukia dirisha. Nilitaka kumtania zaidi, lakini niliona anajivuta-vuta uzi wa mkono wa blauzi, na yaya hushona blauzi zake mwenyewe, haharibu nguo yake bila sababu.

Beni ni chini kuliko kwetu na jua lake halina adabu. Mimi nilitoka Butembo na jaketi, kama kawaida ya asubuhi zetu za ukungu, na nilipofika parking ya magari nilikuwa tayari nimeiva. Mchumba alikuwa anatungoja na kofia, miwani ya kuonea mbali, darubini, ikining'inia shingoni, na begi mgongoni. Alinisalimia kwa mikono miwili kama mimi ni mjomba wa kijiji.

"Karibuni ku capitale. Niko na programme."

Programme, yaani ratiba ya siku, ilianza na stade. Tuliingia, tukakaa kwenye ngazi za tribune, jukwaa la watazamaji, tukaangalia vijana wanakimbia kuzunguka uwanja bila kufukuzwa na mtu. Alitueleza ni asubuhi gani watu wanakuja kwa mazoezi, na upande gani kunakuwa kivuli. Yaya alitikisa kichwa kwa heshima. Niligundua kwamba anajua mapema kila neno linalofuata. Ile stade alikuwa ameshaionyeshwa mpaka angeweza kuifundisha darasani kwake.

Mimi nilianza kazi yangu.

"Bofrère, nina kiu. Kama tungepita kwako kunywa maji."

Akafungua begi, akatoa chupa ya maji. Ilikuwa hata ya baridi.

Baada ya muda nikasema tumbo linanikata, nahitaji choo cha kuaminika, cha nyumbani. Alijua choo kimoja safi kabisa nyuma ya parokia, akanipeleka mpaka mlangoni, akanipa karatasi kutoka kwenye lile begi. Nikakaa mule ndani nikiwaza. Mtu anayebeba maji, karatasi ya choo na, kama nilivyoona baadaye, hata mikate ya kukaanga iliyofungwa vizuri, ni mtu aliyepanga usifike kwake kwa sababu yoyote. Mama alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza safari hii ilinipendeza.

Kisha tukaelekea kilimani. Si mbali, ni pale ambapo nyumba za mwisho za mji zinakutana na mashamba, maana mbali zaidi usalama hakuna, watu hawaendi tena kutembea, na yeye mwenyewe alituambia tusipite mti fulani mkubwa. Njiani kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mabache, yale maturubai, pembeni ya barabara, na ile harufu yake ya siki ilitufuata mpaka juu.

Alitusimamisha, akanyoosha mkono upande wa jua linakotoka.

"Kutoka hapa wageni wanaona Ruwenzori. Na theluji yake."

Tukaangalia. Kulikuwa na wingu, pana, jeupe, lililokaa kama mgonjwa kwenye foleni.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya ile wingu."

"Bofrère, namna ile hata mimi naweza kukuonyesha Paris."

Yaya alinipiga kiwiko, lakini alicheka. Mchumba naye alicheka, na nikaona ni kicheko cha mtu anayechoka. Akanipa ile miwani nijaribu. Nikaishika, nikageuka mgongo kwa Ruwenzori, nikaielekeza mjini. Mabati, mabati, mwanamke anafua, mbuzi juu ya jiwe, mabati.

"Nyumba yako ni gani?"

Mchumba alishusha kofia usoni. Hata yaya aliacha kucheka.

"Pale," akasema.

"Pale wapi?"

"Upande wa yale mabati ya bleu."

"Mabati ya bleu ni mingi."

"Effectivement." Akaitoa miwani usoni kwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Ona, wingu inaanza kutoka."

Wingu halikuwa na safari yoyote. Yaya aliangalia chini, akakaza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea. Hapo nilielewa kwamba swali la mama lilikuwa pia swali lake, na kwamba alikuwa analibeba peke yake kutoka stade mpaka uwanja wa ndege na kurudi.

Ndipo yule mama akatokea. Alitoka katikati ya kakao bila kufanya sauti, panga mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama mtu wa kazi. Kakao inaibwa sana Beni. Watu wanaingia shambani wakivuna ya wenzao, na kabla ya kuingia, wanatuma mtu wa kuangalia.

"Muko batu ba nani?"

"Hawa ni wageni wa Butembo, mama," mchumba alisema. "Tunaangalia tu."

"Munaangalia nini?"

"Mulima."

"Mulima gani?"

Mchumba akanyoosha mkono. Yule mama akageuka, akatazama wingu kwa makini, akarudisha macho yake kwetu, mmoja baada ya mwingine.

"Mi nalima hapa tangu niko musichana. Hakuna mutu anakuja hapa kuangalia. Na ile kintu ya mu shingo ni ya nini? Ya kuhesabia kakao yangu?"

"Ni ya kuonea ndege, mama. Ndege ya manyoya. Mi niko agent wa tourisme."

"Unakaa fasi gani?"

"Hapa. Ku Beni."

"Beni wapi? Avenue gani, mutaa gani? Chef wako wa avenue ni nani?"

Mchumba akavua kofia. Yule mama akabadilisha panga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, taratibu, bila hasira, na nikasema moyoni: huyu ndiye mama yangu, amezaliwa tu upande wa kakao. Na hapo hapo akili yangu ya kisanii ikaamka. Nikapiga hatua nyuma, nikateleza ambapo hapakuwa na utelezi, nikaanguka.

Nililia vizuri. Yaya alipiga magoti karibu yangu akiwa na hofu ya kweli, na kwa hilo bado sijisikii vizuri. Yule mama akaweka panga chini, akashika mguu wangu, akaugeuza.

"Mutoto wa batu amevunjika. Beba yeye. Mupeleke ku nyumba yako, pale karibu."

"Labda ku centre de santé, ku zahanati," mchumba alisema.

"Kwanza ku nyumba, maji ya moto na chumvi. Nyumba yako iko wapi?"

"Mama, iko mbali kidogo."

"Uliniambia iko hapa." Akaokota panga lake. "Mutu ya kuogopa nyumba yake, mi naenda kuiona. Tangulia."

Basi tukashuka. Mchumba alinibeba mgongoni, begi lake amempa yaya. Nyuma yetu yaya, nyuma ya yaya yule mama na panga. Mtu hajawahi kutembelea capitale kwa heshima kama ile. Watu walisimama kwenye milango yao kututazama. Mchumba alikuwa analowa jasho na kuhema. Kila pumzi yake mimi niliihesabu kama ushahidi. Nilikuwa nimeshampangia bibi, na watoto, na hata shemeji wa kunipiga.

Hatukuelekea kwenye mabati ya bleu. Alipita pembeni ya duka la kuuza misumari, akaingia kwenye kichochoro, akasimama kwenye ua mdogo. Palikuwa na mlango mmoja, na juu yake mtu ameandika kwa chaki, kwa mwandiko mzuri: TOURISME. Karibu na mlango, mzee mmoja, sentinelle, mlinzi wa pale, alikuwa anapepea moto chini ya sufuria ya maharage.

"Chef, leo umerudi mbio," mzee alisema. "Godoro yako ingali ku jua."

Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, ile sponji nyembamba ambayo ukiikunja inaingia kwapani. Kwenye kamba kulikuwa na mashati matatu ya mwanaume na taulo. Hakuna kikwembe. Viatu mlangoni vilikuwa vya mzee.

Yule mama hakungoja kukaribishwa. Aliingia, na mimi kutoka mgongoni niliona kila kitu alichokiona: meza mbili zilizosogezwa pamoja, blanketi limekunjwa juu yake, pasi ya makaa, kartoni ya affiche, zile picha za kubandika ukutani, za volcano na gorilla alizotoka nazo Goma. Akaangalia nyuma ya mlango. Akainama akaangalia chini ya meza.

"Kuko bibi?" akauliza, kwa niaba yetu sote.

"Hapana, mama."

"Sufuria ile ni ya nani?"

"Ya sentinelle. Tunakula pamoja."

"Donc, kumbe ulikuwa unaficha hii tu."

"Effectivement," mchumba akasema.

Akaniweka kwenye kiti. Alimgeukia yaya, lakini maneno aliyaelekeza kwenye blanketi. Alisema nyumba zimejaa, mji umepokea watu wengi, na kila mahali alipoulizia wameshatangulia wengine. Alitaka apate nyumba kwanza, ndipo amkaribishe. "Mutu wa kulala ku meza ya bureau," alisema, "nani anamupa binti?"

Yaya alikuwa ameshika lile begi kifuani kama mtoto mchanga. Nilifikiri atalia. Kumbe alikuwa anapandisha hasira.

"Ile stade," alisema. "Ile stade nimeiona mpaka ninaiota. Nimetembea ku jua na viatu vya misa. Kila siku ninarudi, mama ananiuliza, sina cha kujibu. Ungenionyesha hii meza mara moja, tungeketi, tungepumzika."

Mzee wa maharage alisema polepole kwamba maharage yako tayari. Yaya alikaa.

Wakati huo yule mama alikuwa amechukua maji ya moto na chumvi, ameushika mguu wangu na kuukanda kwa vidole vinavyofungua kakao kila siku. "Inauma hapa?" Nikasema ndiyo. "Na hapa?" Ndiyo. Kwa kweli sasa ilikuwa inauma, mguu haujawahi kuteswa hivyo. Mchumba alikuja kusimama karibu, akatazama kidogo.

"Bofrère," aliniambia kwa upole, "kule ku kilima, ilikuwa muguu ya kuume ao ya kushoto?"

Vidole vya yule mama vikasimama. Akautazama mguu aliokuwa ameushika. Akautazama ule mwingine. Kisha akanipiga kofi moja kwenye kisigino, akanawa mikono.

"Butembo," alisema tu, akachukua panga lake, akaenda zake.

Kwenye parking mchumba alinivuta pembeni. Aliniomba nimwambie mama kwamba nimeona nyumba. "Hautadanganya. Iko na mulango." Nilimwahidi bila kufikiri, mimi ahadi natoa kama makombo. Na njia yote ya kurudi nilikuwa najenga. Nilimjengea vyumba vitatu, saruji chini, baraza, na mti wa avoka uani. Yaya alikuwa amelala, ao alijifanya.

Mama alikuwa kwenye mbabula.

"Umeona nyumba?"

"Nimeiona. Iko na baraza."

"Mulango inaangalia wapi?"

"Ku barabara."

"Na jiko?"

"Nyuma."

"Mvua ya asubuhi ikinyesha, baraza inalowa ao hailowi?"

Nikaangalia yaya. Yaya aliangalia ukuta. Mama hakunyanyua hata macho. Aliendelea kugeuza bugali, na nikaona jinsi saruji yangu yote inavyopasuka. Nikasema ukweli: analala kwenye meza, bureau, nyuma ya duka la misumari.

"Hiyo ni blague, ni mchezo," mama alisema.

"Si blague."

"Mutu wa shati ya vile hapana kulala ku meza. Balikufundisha kusema vile ili nimuonee huruma. Bibi iko."

Nikaapa. Mama alisema kiapo changu anakijua tangu sukari ya Noeli, ile niliyoapa sikuilamba. Yaya akafungua kinywa, mama akamnyamazisha: wewe unampenda, macho yako hayahesabiwi. Basi ilibaki mimi tu, na mimi ndiye mtu ambaye katika nyumba yetu nikisema mvua inanyesha wanatoa mkono dirishani. Niliona kwamba mambo ya yaya yanaishia hapo, mbele ya bugali, kwa sababu shahidi wake ni mimi.

Sikuwa na kitu kingine cha kuweka mezani isipokuwa aibu yangu. Nikaanza upya, kutoka kiu ya uongo mpaka tumbo la uongo. Nikasema jinsi nilivyojiangusha, jinsi nilivyobebwa mgongoni mwa yule mtu kilima chote nikiwa mzima, jinsi nilivyosahau ni mguu gani. Mama aliacha kugeuza. Hata mimi sijawahi kutunga uongo unaonichafua namna ile, na yeye alijua.

"Ule mama wa kakao," aliuliza, "aliangalia nyuma ya mulango?"

"Na chini ya meza."

"Ni mama wa namna gani?"

"Sawa na wewe."

Bugali ikaanza kushika chini. Aliondoa sufuria, akafuta mikono kwenye kikwembe, akamtazama yaya kwanza, kisha mimi, na akasema hivi:

"Aje akae hapa, lakini aje na mutu mukubwa wa kwao. Na wewe, siku anapata nyumba, ile godoro utabeba wewe, kutoka kule ku misumari mupaka kwake, na ile miguu yako yote mbili."